Maneno Arobaini ya Kukata

Mtu akishafika miaka hamsini na minane ana haki ya kuachwa na shule. Marcellin Byamungu aliachana nayo darasa la sita, kule Uvira, wakaagana bila kinyongo, kila mmoja akashika njia yake. Kwa hiyo mwenye kiwanda alipopita mezani kwake asubuhi ile na kumwekea karatasi mbili zilizobanwa pamoja, Marcellin alidhani ni oda mpya ya suruali. Akazigeuza atafute mchoro. Mchoro haukuwepo. Kulikuwa na maneno ya Kiingereza, arobaini kamili, yamepangwa mstari kama watu kwenye foleni ya vibali vya wakimbizi, na juu yake tarehe, Alhamisi, wiki tatu kutoka siku ile.

"Mtihani, madala," mwenye kiwanda alisema, na huko Johannesburg madala ni mzee, tena kwa heshima ya aina fulani. "Eish, si mimi. Ni wateja."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana aliyenunua kiwanda mwaka uliotangulia, na ubaya wake ulikuwa mmoja tu, kupenda karatasi. Kiwanda chenyewe kilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo kuukuu la Doornfontein, mashine za kushonea ishirini na mbili, pasi mbili, na meza moja ya kukatia yenye urefu wa mita kumi, na hapo mezani Marcellin alikuwa amesimama miaka kumi na minne. Walishona sare za shule. Sasa wale wateja wakubwa wanaoagiza kwa maelfu walikuwa wametaka kila kiwanda kiwe na mkataji mwenye cheti. Mtahini angekuja. Kwanza angesoma maneno, Marcellin ayaandike bila kukosea herufi na kueleza maana ya kila moja. Kisha angemtazama akikata.

"Na nikianguka?" Marcellin aliuliza.

"Ukianguka nitakupeleka kwenye vifurushi."

Alilisema kwa upole, lakini kila mtu pale alijua vifurushi ni nini. Ni kushusha maboksi ngazi za ghorofa tatu, kwa kuwa lifti ilikufa zamani na haikuzikwa, na ni mkataba wa mwezi kwa mwezi. Waliopelekwa vifurushini hawakumaliza miezi mitatu. Marcellin mgongo wake ulikuwa ukilia kwa kuinama tu kufunga viatu. Akaiona kazi inaondoka mbele ya macho yake, unga unamwagika akiutazama, na yeye hana hata nguvu ya kukinga mikono.

Kukata hakukumpa shida. Wembe wa umeme ule, unaosimama wima na kupita kwenye matabaka sitini ya kitambaa kwa mara moja, aliuendesha kama mwingine anavyoendesha kijiko mdomoni. Oda zote zilikuja na michoro na namba, na namba hazina Kiingereza. Shida ilikuwa kalamu. Mara ya mwisho kuandika kitu kirefu kuliko jina lake ilikuwa barua ya kumposa Jocelyne, na hata hiyo aliandikiwa.

Mchana, kengele ya chakula ilipolia, aliichukua ile karatasi akaenda nayo kwenye ngazi za nyuma, pale ambapo Capitoline hukaa kula. Capitoline alikuwa Mrundi wa Bujumbura, mtaa wa Bwiza, mjane, mshonaji wa kola. Kabla vita havijamhamisha alikuwa mwalimu wa darasa la tano, na ualimu haukuwahi kumtoka. Mpaka leo ukimpa barua ya kusoma huanza kwa kutafuta makosa.

"Mama Arnaud," Marcellin alisema, "nimekuja shuleni."

Capitoline aliipitia karatasi huku akitafuna. Alianzia juu akashuka mpaka chini, akairudia.

"Yote ni kukata," alisema.

"Maneno makumi ine, yote kukata?"

"Yote. Kukata kidogo, kukata sana, kukata pembeni, kukata ovyo. Kaa chini, Baba Thierry. Viatu vyako vinanizibia mwanga."

Ndivyo lilivyofunguliwa darasa. Kila siku ya kazi, nusu saa, kwenye ngazi ya saruji yenye harufu ya mkojo wa paka, mwanafunzi mmoja na mwalimu mmoja, wote wawili wamechoka tangu asubuhi. Capitoline alikuwa anasoma neno, Marcellin analiandika nyuma ya vipande vya karatasi ya michoro iliyotupwa. Sikio lake lilikuwa limefunzwa Kifaransa kidogo na watawa, basi kila neno la Kiingereza liliingia mkononi mwake limevaa Kifaransa. "Notch" aliliandika "noche". "Scissors" aliliandika kwa namna ambayo Capitoline alifumba macho kabla ya kuendelea kutafuna.

"Kuna c hapo ndani," alimwambia.

"Inafanya nini?"

"Haifanyi kitu. Imekaa tu."

"Inalipwa?"

"Andika, Baba Thierry."

Maana hazikumsumbua sana, kwa kuwa vitendo vyenyewe mikono yake ilikuwa ikivijua. "Trim" ni kupunguza ukingo uliozidi. "Snip" ni kugusa kwa ncha ya mkasi, mara moja, ukatoka. "Notch" ni kile kijialama unachokichonga pembeni mwa kipande ili mshonaji ajue mkono ukutane wapi na bega. "Slit" ni mpasuo ulionyooka, wenye adabu, na "slash" ni mpasuo wa mtu mwenye hasira. "Cut on the fold" ni kukata kitambaa kikiwa kimekunjwa ili kipande kitoke kizima. Alikuwa anavifanya vyote hivyo kila siku ya Mungu bila kujua kwamba kila kimoja kina cheti chake cha kuzaliwa. Yaliyomchosha ni yale yaliyobadilika kwa kushikamana na kijineno kidogo: "cut off", "cut out", "cut down", "cut away". Neno lile lile, mkia mwingine, kazi nyingine. Akishalikamata moja, jingine linatoroka.

"Sisi tuko na neno moja tu," alilalamika wiki ya pili. "Kata. Unakata kitambaa, unakata tiketi, unakata shauri, unakata kiu. Hata roho inakatwa. Neno moja linatosha dunia nzima, na watu banaelewana."

"Ndiyo maana limechoka hivyo," Capitoline alisema. "Rudia namba kumi na saba."

Nyumbani Troyeville, kwenye chumba chao kimoja, Jocelyne mkewe alijaribu naye kumsomea akiwa anasonga ugali, lakini Jocelyne hufagia ofisi za watu tangu alfajiri, na mara nyingi alifika neno la tano akaanza kusinzia mwiko mkononi. Marcellin alikuwa anauchukua mwiko na kumalizia kusonga mwenyewe, akinong'ona herufi. Hakumlaumu mtu. Alishangaa tu kwamba uchovu una daraja nyingi hivyo, kwamba kila ukidhani umefika chini kabisa unakuta kuna ngazi nyingine inashuka.

Sasa kuna jambo moja la kazi yake ambalo halikuwa kwenye orodha ile, na lazima lielezwe, maana bila hilo habari hii haina kichwa.

Marcellin alifundishwa kazi na fundi Bakiri, Mwislamu mmoja mwenye kibanda karibu na soko la Uvira. Fundi Bakiri hakukata kitambaa cha mtu hata siku moja bila kuuliza. Alikuwa anatandaza, anapima, anachora kwa chaki, kisha anaweka kiganja cha kushoto juu ya kitambaa na kusema, "Nikate?" Na hakati mpaka mtu ajibu, "Kata." Ajibu nani? Yeyote. Mwenye nguo akiwepo, vizuri. Asipokuwepo, mwanafunzi, jirani, hata muuza karanga anayepita. Siku nyingine alikaa robo saa kiganja juu ya kitambaa akisubiri mpita njia. Kitambaa kikishakatwa hakirudi, alikuwa anasema, na kosa lisilorudi mtu mmoja asilibebe peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wenye lugha mbaya walisema ni ujanja, kwamba mteja aliyejibu "kata" hana mdomo wa kuja kulalamika baadaye. Huenda na hilo lilikuwemo. Fundi Bakiri hakuwa malaika.

Marcellin alikuja na desturi hiyo mpaka Johannesburg kama wengine wanavyokuja na picha ya mama yao. Siku yake ya kwanza kwenye ile meza ya mita kumi alitandaza, akachora, akaweka kiganja, akauliza kwa Kiswahili, kwa mazoea tu, bila kutegemea. Wazulu walimtazama. Wamalawi walimtazama. Halafu kutoka mashine ya nne, bila hata kugeuka, sauti ya mwanamke asiyemjua ikasema, "Kata."

Huyo alikuwa Capitoline. Hakuwahi kueleza kwa nini alijibu. Miaka kumi na minne tangu hapo alijibu kila tandazo, mara tano sita kwa siku, mdomo umebana pini, mafua yamemshika, siku za furaha na hata siku ile aliyorudi kazini kutoka kumzika mumewe. Walipoharibu, maana waliharibu, matabaka arobaini ya sketi za kijani yaliyokatwa kinyume cha nyuzi, walikwenda wawili kwa mwenye kiwanda wa zamani. "Tumeharibu," Marcellin alisema. Mzee yule akauliza huyu mshonaji wa kola anahusika vipi na kukata, na Capitoline akasema, "Mimi ndiye niliyemwambia akate." Wote wawili walifokewa, na ikaisha.

Jumatano, siku moja kabla ya mtihani, waliyarudia maneno yote arobaini pale ngazini. Alikosa matatu. Capitoline aliyapigia mstari, akakunja karatasi, akamrudishia.

"Utapita," alisema.

"Nimechoka, Mama Arnaud. Nikifunga macho naona herufi."

"Utapita. Sasa sikiliza. Kesho kwenye vitendo watatutoa sote nje. Mtahiniwa hasaidiwi na mtu. Hakuna kumwambia kitu, hakuna kumwitikia."

Alichelewa kuelewa anaambiwa nini. Alipoelewa alicheka kidogo. "Nimekata miaka thelathini na tisa. Sitauliza."

"Usiulize," Capitoline alisema.

Mtahini alikuwa mama wa makamo aitwaye Khanyile, mwenye miwani iliyofungwa kamba na viatu vya kupumzishia miguu, na Marcellin alipoviona viatu hivyo moyo wake ulitulia kidogo, kwamba naye huyu ni mtu wa kusimama siku nzima. Walikaa kwenye kiofisi cha mwenye kiwanda, kilichojaa karatasi. Alisoma neno, akangoja, akasoma jingine. Alisoma polepole, akitamka kila herufi kadiri alivyoruhusiwa. Marcellin aliandika huku ulimi umetokeza pembeni. Alifikia "scissors" akaikumbuka ile c inayokaa bure, akaipa nafasi yake. Maana alizieleza kwa Kiingereza chake cha vipande vipande, na pale Kiingereza kilipomwishia, mikono iliingia. Mama Khanyile alitazama mikono kuliko alivyosikiliza mdomo.

Thelathini na mawili kati ya arobaini. Alama ya kupita ilikuwa ishirini na nne. Marcellin alisikia jasho linamshuka mgongoni, akatamani mtihani huo uishie hapohapo, apewe cheti, akalale.

Kisha wakatoka kwenda mezani. Mashine zote zilikuwa zimezimwa. Washonaji walikuwa wametolewa, wako kwenye ngazi za nyuma, na mlango umefungwa. Ukumbi ule hakuwahi kuusikia kimya. Kumbe taa za juu zina mlio. Matabaka sitini ya kitambaa cha kijivu yalikuwa yamemngoja, na Mama Khanyile alisimama ng'ambo ya meza na saa ya mkononi, akamwambia ana dakika ishirini, aanze.

Alitandaza vizuri kingo zikae sawa. Alipanga vipande vya mchoro kwa namna ya kubana nafasi. Alichora. Akavaa glavu ya chuma mkono wa kushoto, akaivua tena kwa sababu haikukaa sawa, na ule mkono mtupu ukaenda wenyewe ukalala juu ya kitambaa.

"Nikate?" alisema.

Hakukusudia. Lilitoka kama pumzi. Mama Khanyile aliinua macho.

"Samahani, baba?"

Alijaribu kulimeza, lakini limeshatoka, na mkono uko pale pale juu ya kitambaa na haunyanyuki. Basi akalisema kwa Kiingereza, neno la kwanza kabisa la orodha. Anauliza kama akate.

"Siwezi kukuambia hilo, baba," yule mama alisema. "Nikikuambia nimekusaidia."

Marcellin alimweleza, au alijaribu. Kwamba hahitaji kuonyeshwa pa kukata. Kwamba kwao mtu mmoja hakati, lazima awepo wa kusema ndiyo. Alitafuta maneno ya kulieleza hilo, akapita yote arobaini aliyoyasotea wiki tatu, na yote yalikuwa ya mtu mmoja na kisu chake. Mama Khanyile alimsikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulionyesha kwamba ameelewa zaidi ya alivyotaka kuelewa. Akatazama fomu, akatazama saa.

"Kwenye fomu kuna mstari, baba," alisema taratibu. "Unasema, anafanya kazi bila msaada. Zimepita dakika nane."

Hasira ilimpanda Marcellin. Si kwa yule mama. Hasira ya mtu aliyechoka, isiyo na anwani. Nje ya mlango ule, hatua thelathini tu, alikuwepo mtu ambaye angejibu hata usingizini, na mlango umefungwa kwa ajili ya karatasi. Alifikiria kuliita jina lake kwa nguvu. Alifikiria maboksi, ngazi tatu, mgongo wake, na Jocelyne akisinzia mwiko mkononi. Dakika tisa. Alifikiria kujijibu mwenyewe, na midomo ikafunguka, lakini aibu ikamshika, akaifunga.

Akavaa glavu. Akawasha wembe. Akakata.

Alikata vizuri kuliko alivyowahi kukata siku yoyote. Wembe ulipita kwenye pembe za mifuko bila kusita, vijialama vya mabegani vikatoka sawasawa kuanzia tabaka la kwanza hadi la sitini. Alimaliza na dakika mbili mkononi. Mama Khanyile alipima vipande vya juu, vya kati, vya chini, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika. Kabla ya kufunga fomu alimsomea alichokiandika, kwa kuwa alidhani kitamfurahisha: mkataji hodari, anafanya kazi vizuri sana peke yake.

"Sharp, madala!" mwenye kiwanda alisema, akampiga begani. "Nilijua!"

Marcellin alimshukuru, akamshukuru na yule mama kwa mikono miwili, akaenda kuufungua mlango wa nyuma. Washonaji walishangilia, wakapita wakimpongeza kwa lugha nne, wakarudi kwenye mashine zao. Capitoline alibaki amekaa kwenye ngazi. Marcellin alikaa pembeni yake. Magoti yote manne yalilia.

"Umepita," Capitoline alisema.

"Nimepita. Thelathini na mawili."

"Makosa manane." Alilisema kwa mazoea ya ualimu tu, hakuwa na nia nalo. "Uliuliza?"

"Mkono uliuliza."

"Nani alikujibu?"

"Hakuna mtu."

"Ukakata?"

"Nikakata."

Chini barabarani teksi ilipiga honi, mtu akaitukana, ikajibu. Capitoline alikuwa ameshika uzi uliomng'ang'ania kwenye sketi, anauvuta, haukatiki.

"Na kingeharibika?" aliuliza.

"Hakikuharibika, Mama Arnaud. Ata milimita."

"Sijauliza hivyo."

Alijua hakuuliza hivyo. Alitazama mikono yake. Alikuwa na huzuni, na alijionea haya kwa huzuni hiyo, siku kama hii, mtu amenusurika, watoto watakula.

"Kingeharibika kingekuwa changu," alisema mwishowe. "Changu peke yangu."

Capitoline aliitikia kwa kichwa. Hakukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika.

"Una miaka mingapi nchi hii, Baba Thierry?"

"Kumi na tisa."

"Mimi nilikuwa najiuliza utafika lini," alisema. "Wengine huwa tunafika mwaka wa kwanza. Weye nikakuona umekawia, nikasema labda huyu hatafika, atabaki njiani huko huko na fundi wake. Nikawa nakujibu." Akashika chuma cha ngazi, akajiinua kwa awamu, goti moja kisha jingine. "Basi leo umefika. Karibu Johannesburg."

Hakulisema kwa mzaha. Alimgusa bega, akaingia ndani, na baada ya muda mfupi mashine ya nne ikaanza kulia pamoja na nyingine.

Marcellin alibaki. Alisikia mwenye kiwanda akiita jina lake kutoka mezani, kwa furaha, kwamba kuna matabaka themanini yanamsubiri mkataji wake mwenye cheti. Wiki tatu alikuwa amejinyima usingizi ili asiondolewe kwenye meza ile. Sasa meza ni yake, mpaka mgongo utakapokataa. Mwenye kiwanda akaita tena. Marcellin akajibu, "Nakuja," na akaendelea kukaa.